Tawi la maktaba kwenye ploti ya hamsini kwa mia

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Migosi, Kisumu. Kamati yetu ya mtaa imepata ploti ya futi hamsini kwa mia. Upande mfupi unatazama barabara, na barabara iko magharibi. Tunataka kujenga tawi dogo la maktaba ya umma. Kijana aliyetuchorea ramani ametupa jengo la ghorofa moja: chini ukumbi wa mikutano na ofisi, juu vitabu na meza za kusomea, na mbele kioo kitupu kuanzia chini hadi paani. Wanakamati wengi wamelipenda. Mimi nina wasiwasi ila nashindwa kuueleza. Mtaalamu angetazama nini kwanza?

Mwalimu, pokea salamu. Nikiletewa ramani ya tawi la maktaba, kioo na ghorofa huwa naviacha kwanza. Nauliza hivi: Jumamosi saa tisa alasiri, watoto wamejaa, wafanyakazi wangapi watakuwa ndani? Kwa tawi la mtaa jibu la kweli karibu kila mara ni mmoja. Wakiajiriwa wawili, huyo wa pili siku hiyo ameuguliwa au ametumwa mjini. Ramani mliyoletewa inataka watu wanne: mmoja mlangoni, mmoja ukumbini na wawili juu. Hamna wanne na sioni mtakapowatoa. Siku mkutubi akiwa peke yake atafunga mlango wa ngazi kwa kufuli ili aangalie chini, na vitabu mmeviweka juu.

Kwa hiyo kabla lori la kwanza la mawe halijafika, pateni kwa maandishi nani atamlipa mkutubi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziorodhesha maktaba kati ya kazi za serikali za kaunti. Kabla ya hapo watu wengi walizoea kumtazama knls, shirika la maktaba la taifa lililoundwa kwa sheria ya 1965. Kamati inaweza kufanya harambee ikamaliza jengo, lakini mishahara ya kila mwezi kwa miaka ishirini haitoki kwa harambee. Kaunti ikikubali mfanyakazi mmoja, mchorewe jengo la mfanyakazi mmoja.

Wazo hili lina zaidi ya karne. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alifadhili maktaba 2,509, na 1,689 kati ya hizo zilikuwa Marekani kwenyewe. Katibu wake, James Bertram, alichoka kuona fedha zikiishia kwenye nguzo na kuba, na kuanzia 1911 akawa anawatumia waombaji kijitabu cha maelekezo. Alitaka chumba kimoja kikubwa kisichokatwakatwa na kuta, rafu zikiufuata ukuta, na mkutubi mmoja mahali anapoona kila pembe. Hapo nakubaliana naye kabisa. Mengine mawili ya kwake nayaacha. Alipendekeza madirisha ya pembeni na ya nyuma yaanze kama futi sita kutoka sakafuni ili rafu zikae chini yake, na alitaka orofa ya chini iliyozama nusu ardhini. La kwanza lingewanyima wasomaji wenu upepo mahali walipoketi. La pili liliinua sakafu kuu juu ya ardhi, na maktaba nyingi za aina hiyo zikawa na ngazi mlangoni ambazo mtu wa kiti cha magurudumu hazipandi.

Ninyi mnapanga kurudia kosa hilo la ngazi, tena kwa gharama kubwa zaidi. Lifti hamtanunua, na mkinunua hamtaitunza. Halafu kuna uzito. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Mahali pa safu za rafu za vitabu wahandisi huhesabu kilo 700 na zaidi. Maana yake ni nondo nene, mihimili mikubwa, na zege ambayo haionekani na mgeni yeyote siku ya ufunguzi. Vitabu vikae chini, juu ya ardhi, na fedha hizo ziende kwenye madirisha, viti na paa.

Sasa nije kwenye kioo, maana hapo ndipo kamati imependa. Nadhani najua picha iliyowavutia. London kuna maktaba iitwayo Idea Store, tawi la Whitechapel, iliyosanifiwa na David Adjaye na kufunguliwa 2005. Ni jengo la kioo lenye mistari ya kijani na samawati, lipo pembeni ya soko, na rangi zake zinafuata mapaa ya vitambaa ya vibanda vya soko hilo. Ni jengo zuri. Ila London iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta na kwa miezi mingi watu wake wanalitafuta jua. Ikweta yenu inapita Maseno, mwendo mfupi wa matatu. Cha kuiga Whitechapel ni pale ilipoketi, katikati ya njia za watu, na hilo ploti yenu inalo tayari.

Kioo kikitazama magharibi Kisumu, tatizo linaanza saa ileile wasomaji wanapofika. Watoto hutoka shuleni kama saa kumi. Kuna jambo moja ambalo wachoraji wengi hawalihesabu: saa tunazovaa Kenya nzima zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kisumu iko karibu nyuzi 34.75. Jua lenu liko nyuma ya saa kwa takriban dakika 40. Saa kumi na moja jioni, wakati Lamu jua limeshuka zaidi, jua la Kisumu bado liko kama nyuzi 25 juu ya upeo, na linaingia ndani moja kwa moja. Hata mkijenga veranda yenye upenu wa kimo cha mita 2.4, mwale huo utapita chini ya upenu na kusafiri mita tano ndani. Mtoto aliyekaa hapo atahama, au mkutubi atabandika magazeti kwenye kioo. Jengo la kioo lenye magazeti umeliona mara nyingi, Mwalimu, na mimi pia.

Bahati ni kwamba ploti yenyewe imelala vizuri kuliko ramani. Urefu wake wa futi mia unakwenda mashariki na magharibi, kwa hiyo jengo refu jembamba litakuwa na pande zake ndefu kaskazini na kusini, ambako jua la ikweta ni la kistaarabu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, miezi mingine kusini, na hata linapoegemea zaidi, mwezi wa Juni na wa Desemba, linabaki juu sana, nyuzi 66 hivi. Upenu wa sentimita 90 unalitia kivulini dirisha la mita mbili saa hiyo. Alasiri jua likishuka upenu huo hautoshi, kwa hiyo mimi huchukua mita 1.2. Unakinga mvua pia, na dirisha linabaki wazi hata ikinyesha.

Mipimo sasa. Jengo liwe na upana wa mita nane ndani, lisizidi. Mwanga wa dirisha hufika ndani mara mbili, au zaidi kidogo, ya kimo cha juu ya dirisha. Dirisha likiishia mita 2.7 mwanga unafika kama mita tano na nusu. Madirisha yakiwa pande zote mbili, mita nane zinapata mwanga bila balbu, na stima ikipotea alasiri hakuna anayefunga kitabu. Ploti ina upana wa mita 15 na kidogo. Kusini acheni kama mita mbili za mfereji na hewa. Zilizobaki kaskazini, karibu mita tano, ziwe ua wenye mwarobaini mmoja au miwili na mabenchi. Majirani wakijenga magorofa, na kwa Migosi watajenga, ua huo ndio utakaowahakikishia mwanga.

Mbele, upande wa barabara, baada ya kuacha nafasi inayodaiwa na kaunti, iwe baraza yenye kina cha mita tatu na nusu kwa upana wote wa jengo. Uso wake wa magharibi upandishwe ukuta wa matofali ya matundu, ukiacha njia ya kuingilia upande mmoja, ili lile jua la saa kumi na moja lichujwe. Nyuma ya baraza ni ukanda wa mita nne na nusu: mlango, meza ya mkutubi, vyoo na stoo. Kisha chumba kikuu cha mita kumi na nne kwa nane. Hayo ni mita 22 za jengo, sakafu moja, na mashariki inabaki ardhi ya siku zijazo.

Utaniuliza ukumbi wa mikutano uko wapi. Upo: ni hiyo baraza. Mita mraba 28 chini ya paa, zenye benchi la zege lililoufuata ukuta, zinatosha mkutano wa wazazi, kikundi cha akina mama au mazoezi ya mdahalo, na hakuna anayehitaji ufunguo wa maktaba. Lango la chuma liwe nyuma ya baraza, kwenye mlango wa maktaba, lisiwe barabarani. Mkutubi akifunga saa kumi na mbili, baraza ibaki na taa, soketi chache na intaneti. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na watu sita ana nafasi ya kumaliza insha yake bila kamati kumlipa mlinzi wa ziada. Ndani ya kamati mtabishana juu ya vijana kukaa hapo usiku. Naelewa hofu hiyo. Kwa maoni yangu, taa kali na macho ya wenye vibanda jirani yanafanya kazi zaidi ya ukuta mrefu, ambao aliye nyuma yake haonekani.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ya London ni maktaba ya Muyinga, Burundi, iliyojengwa 2012 na wasanifu wa BC Architects pamoja na mafundi wa hapo. Kuta zake ni matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, paa ni vigae vya udongo juu ya mikaratusi, na urefu wote wa jengo unafuatwa na baraza yenye kivuli inayopakana na njia ya watu. Ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za mkonge uliotandazwa juu, watoto wanapanda na kusoma wakiwa wamelala. Sisemi mnunue wavu. Nataka kamati iione baraza ile, kisha iniambie kama jengo lile linakosa usasa.

Meza ya mkutubi ndiyo kitu cha kwanza kuwekwa kwenye ramani, hata kabla ya kuta. Akiketi hapo aone lango, mlango wa vyoo, ua kupitia dirisha, na chumba chote hadi ukuta wa mwisho. Hilo linaweka sheria ya rafu: katikati ya chumba hakuna rafu inayozidi mita 1.2, ndefu zote ziko ukutani. Msihofu kwamba vitabu vitakosa mahali. Mita moja ya rafu inabeba vitabu kama 30. Rafu ya madaraja matano yenye upana wa sentimita 90 inabeba kama 135. Kwa hiyo vitabu 3,000, ambavyo kwa tawi jipya ni vingi, vinahitaji ukuta wa mita 20 tu. Ukuta wa mashariki, usio na dirisha kwa sababu ya jua la asubuhi, unachukua mita nane. Zilizobaki zigawanywe kati ya madirisha ya kusini na ya kaskazini, na kwenye zile rafu fupi za katikati.

Wengi wanaokuja hawaji kwa ajili ya vitabu vyenu hata hivyo. Mtahiniwa wa kidato cha nne anabeba vitabu vyake mwenyewe, mwanafunzi wa chuo anabeba kompyuta, na wote wanatafuta kiti, meza na utulivu. Maktaba inayowakataza kuingia na vitabu vyao imejichagulia kubaki tupu. Wekeni vijumba vya mikoba kando ya meza ya mkutubi, mtu aache begi na aingie na anachosoma. Kila msomaji kwenye meza anahitaji kama mita mraba 2.3 ukihesabu na njia, kwa hiyo chumba chenu kikuu, mita mraba 112, kinakaribia viti 48 kama hakuna kingine ndani. Toa kona ya watoto, ubaki na 35 hivi. Njia kati ya rafu ziwe na mita 1.2, kiti cha magurudumu kipite bila kuombewa nafasi. Kwenye mlango, mteremko wa moja kwa kumi na mbili: sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 30, mteremko unahitaji urefu wa mita 3.6. Upimeni sasa kwenye karatasi, kwa sababu huwa unakumbukwa siku ya ufunguzi na kujengwa mkali kama wa kupandishia ng'ombe kwenye lori.

Watoto wakae mwanzoni mwa chumba, karibu na mkutubi na kelele za barabara. Kimya kiwe mwisho, mashariki.

Hewa. Upepo wa ziwa unaingia alasiri kutoka upande wa magharibi na kusini-magharibi. Madirisha ya kusini yaanze sentimita 75 kutoka sakafuni, sehemu ya chini iwe ya kufunguka, na kaskazini kuwe na mistari ya matundu karibu na dari ambako hewa moto itatokea. Yote, hata hayo matundu ya juu, yapigwe wavu wa mbu. Kisumu ina malaria, na maktaba inayofungwa saa kumi na mbili jioni ina wasomaji wakati mbu wanaamka. Sijaona ramani nyingi zinazotaja wavu, na ukiwekwa baadaye unakuwa wa misumari na huzuni. Hewa inayotembea inalinda vitabu pia: unyevu ukipita asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu ukungu huanza. Rafu ziache sentimita tano nyuma yake, na daraja la chini liwe sentimita 15 juu ya sakafu ili anayepiga deki asivilowanishe.

Mngekuwa Nakuru ningewaambia mengine. Kule mko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai asubuhi vidole vinakufa ganzi, na dirisha dogo la mashariki kwenye kona ya watoto ni zawadi. Kisumu, mita 1,130 hivi, lizibeni.

Kuna jambo ambalo huharibu maktaba nyingi za ukanda wetu kuliko joto, nalo ni mvua juu ya mabati matupu. Dhoruba za Kisumu hupenda alasiri na jioni. Ikianza, mwalimu wa hadithi ananyamaza na mtoto anayesoma kwa sauti hasikiki. Msikubali mabati moja kwa moja juu ya mbao. Chini ya mabati pigeni bodi laini za nyuzi (softboard) au sufu ya madini ya kuzuia sauti, acheni nafasi ya hewa, kisha dari ya bodi laini zenye vitundu zinazomeza mwangwi. Mabati yenye changarawe juu yana kelele ndogo zaidi. Hapa ndipo ningetumia fedha zilizookolewa kwa kufuta ghorofa, kabla ya kigae chochote cha kung'aa sakafuni. Sakafu iwe tarazo, au saruji nyekundu iliyosuguliwa, na miguu ya viti ivishwe mpira.

Mengine kwa haraka. Chimbeni shimo la majaribio kabla ya kuchora msingi: sehemu nyingi za Kisumu, hasa kuelekea Nyamasaria na Kano, zina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na ukikutwa huo unaondolewa na kujazwa mawe na maramu, au mhandisi anatoa msingi wa bamba moja. Dawa ya mchwa imwagwe kabla ya sakafu, na rafu za ukutani ziwe za chuma. Ukanda wa ziwa una radi nyingi mno, kinga ya radi si ya hiari. Paa la mita mraba 200, kwa mvua inayozidi milimita 1,200 kwa mwaka, linaweza kuwapa kama lita 190,000, za vyoo na mti wenu. Taa juu ya meza zifikie laksi (kipimo cha mwanga) 500, rafuni 200 zinatosha, na sola iendeshe taa na intaneti kwanza.

Kwa kijana wenu wa ramani, msimfukuze. Mpeni haya na mwambieni achore upya sakafu moja, kisha msanifu aliyesajiliwa aipitie na kutia sahihi ili kaunti iipitishe na mradi uandikishwe na NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kwenye ukuta wa mashariki amwombe mhandisi linta moja ya ziada, yaani boriti ya zege ya juu ya mlango, mita 1.2, juu ya mahali ambapo mlango ungekuwa, na hapo chini pazibwe kwa matofali. Mkipata fedha baada ya miaka kadhaa mtayatoa matofali hayo na kuingia chumba kipya kwenye ardhi iliyobaki nyuma, bila kufunga maktaba hata wiki moja. Linta hiyo leo ni nondo chache na ndoo kadhaa za zege.